Fomu Iliyokataa Kumjibu Mwanaidi

Lifti ya anga ya Tanga ilipandisha watu arobaini katika kila behewa, juu ya waya mwembamba kuliko mshipi wa kuvulia, na chai ya abiria haikumwagika hata tone. Ghala la kumbukumbu lilijua kila mmoja alipo na moyo wake unavyopiga. Ukitaka habari za mtu, unajaza fomu-hewa inayoelea mbele ya macho yako. Jibu linakuja kabla hujakohoa.

Asubuhi hiyo Mwanaidi Shekiondo, fundi wa ghala hilo kwa miaka tisa, aliuliza habari za behewa namba saba, alimopanda mdogo wake, Hoza. Fomu ikarudi tupu.

Ingekuwa hitilafu, yangetokea maandishi mekundu. Huu ulikuwa utupu wa adabu, kama wa mtu aliyeulizwa jambo akaanza kutazama kandambili zake.

Akauliza behewa namba sita: majina yakamiminika. Namba nane: yakamiminika. Akalipitia swali lake neno kwa neno, akapima njia ya kwenda ghalani, vyote vizima. Mwisho akaliagiza ghala lihesabu tu mistari ya namba saba, bila kuionyesha.

Arobaini.

"Kumbe ipo," alinong'ona. "Kuna mtu kaifungia."

Akamgeukia Kapaya wa meza ya pili. Mnyamwezi huyo, mtani wake, hakuwahi kumaliza asubuhi bila kumwambia kwamba Wasambaa wameshiba ndizi mpaka akili imepinda. Leo alikuwa amemletea chai, tena kaitia sukari mwenyewe.

"Umegusa ghala langu?"

"Mimi? Hata."

"Mbona basi hunitukani?"

"Nimechoka, dada."

Dada! Miaka tisa alikuwa akimwita "mtumwa wangu."

"Hebu nipe kadi yako niulize kwa jina lako."

Kapaya aliifumbata kadi kifuani. "Kunywa chai kwanza, Mwanaidi."

Hakunywa. Alifungua kitabu cha kanuni ambazo ghala hujitungia lenyewe, akashuka hadi ya mwisho. *Anayezuiwa: muulizaji mmoja. Sababu: ndugu wa damu. Habari hii haipiti kwenye fomu. Inasubiri watu.*

Hakuna aliyelifundisha. Lilikuwa limesikiliza simu zetu miaka yote, likajua jinsi mtu anavyoambiwa "njoo nyumbani, mama anaumwa kidogo," wakati kaburi linachimbwa.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia shangazi yake, Mwanjaa, na wajomba wawili, vumbi la Lushoto likiwa bado viatuni.

"Shangazi? Nani kawaita?"

"Tulipigiwa simu alfajiri, mwanangu. Sauti yenye heshima zake. Ikatuomba tusikuambie kitu mpaka tufike." Akamkalisha, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Hapo fomu ikaanza kujaa.

Hoza alikuwa mstari wa kumi na saba. Mwanaidi hakuusoma. Alimtazama Kapaya.

"Asubuhi nzima," alisema. "Asubuhi nzima mmeniacha nimtafute."