Jiwe la Mlango wa Zizi

Asubuhi ambayo mkandarasi Majaliwa alikuja kupima njia, mama yangu mdogo Mwamvua alikuwa ameketi uani akichambua mchele, na redio ya mumewe ilikuwa ikiimba taarabu barazani. Ilikuwa Septemba, mwaka 1977, mtaa wa Ngokolo, Shinyanga. Anga lilikuwa tupu. Majaliwa alinyoosha kamba ya katani kutoka barazani hadi getini, akahesabu hatua arobaini na mbili, akacheka.

"Mama Mwamvua, nikimaliza hapa hata treni itapita."

"Treni peleka stesheni," akajibu mama mdogo. "Mimi nataka Landrova ipite siku moja tu."

Majaliwa aliacha kucheka. Mtaa mzima ulikuwa ukijua. Mvua za mwaka uliotangulia, uchungu ulipomshika, mumewe, baba mdogo Akida, alimpakia kwenye Landrova ili ampeleke hospitali. Zikiwa zimebaki hatua kumi na moja kufika getini, udongo mweusi wa mbuga uliyameza magurudumu. Mtoto alizaliwa humo humo garini. Alilia mara moja, akanyamaza. Gari lilinasuliwa kesho yake kwa maksai wa kuazima.

Sasa mama mdogo alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mvua zilikuwa njiani.

Baba mdogo alikuwa amekwisha kupata wakandarasi wawili kabla ya Majaliwa. Wa kwanza alimwaga moramu, ile changarawe nyekundu ya barabara, juu juu, na ardhi ikaimeza kwa mwezi mmoja. Wa pili alipima, akasifia nyumba, akanywa chai, kisha akakimbilia machimbo ya upande wa Katoro aliposikia kuna dhahabu. Majaliwa, mtu wa Kigoma, aliongea kama anayejua kazi. Angechimba mpaka magotini autoe udongo mweusi wote, apange mawe, ashindilie moramu, kisha amwage saruji juu. Na kwa mwaka mzima, ufa wowote ukitokea, angerudi kuuziba.

Tatizo likawa mawe. Hapakuwa na mawe karibu. Majaliwa alizunguka siku mbili na trekta, na siku ya tatu tela likarudi limejaa. Yalikuwa mawe meusi, laini, yanayong'aa kama yamepakwa samli.

Ngassa, kibarua wake, alikuwa akiimba Kisukuma tangu kazi ianze. Alipoyaona mawe, wimbo ukamkatika mdomoni.

Jiwe la mwisho lilikuwa refu na bapa, kama mlango uliolazwa. Vibarua wengine walilisukumia chini kwa nondo. Ngassa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hili mimi siligusi," akasema.

"Linauma?" Majaliwa akamtania. "Au ni mkweo?"

Ngassa alimgeukia baba mdogo. "Shikamoo, baba. Nasema nawe, mwenye nyumba. Haya yametoka kwenye matongo, mahame ya mzee Mageni, huko mbele ya Old Shinyanga. Wanawe walihamishwa kwenda kijiji kipya miaka mitatu iliyopita. Yeye hakuhama. Alikuwa amekwisha kufa. Ukoo wetu sisi, mwenye mji anazikwa zizini, mlangoni, ili ng'ombe wampite juu wakitoka na wampite juu wakirudi. Jiwe hili ndilo lililomfunika."

"Zizi halina ng'ombe," Majaliwa akasema. "Halina hata mwiba. Mawe ni mawe."

"Mmehamisha mlango, baba," Ngassa akasema kwa sauti ya chini. "Jioni watarudi."

Baba mdogo alimtazama mkewe, aliyekuwa amesimama barazani mkono juu ya tumbo. Alitazama mashariki. Wingu la kwanza la mwaka lilikuwa limeota pale, dogo, la kijivu. Kuyarudisha mawe na kutafuta mengine kungechukua wiki mbili.

"Mimi nahitaji njia," akasema. "Liwekeni."

Likalazwa pale pabovu kuliko pote, hatua kumi na moja kutoka getini. Ngassa alichukua koti lake akaondoka.

Saruji ilimwagwa Ijumaa. Vibarua waliilainisha kwa mbao, wakaifunika magunia yaliyoloweshwa maji, wakaenda zao. Baba mdogo alifunga geti kwa kufuli, akachukua birika kwenda kutawadha. Adhana ya magharibi ilikuwa ikikaribia kuisha.

Mama mdogo ndiye aliyesikia kwanza. Kwato. Si moja, si mbili. Kundi zima, lisilo na haraka, lililoshiba, likirudi nyumbani. Alinusa vumbi. Alinusa maziwa. Alifungua dirisha.

Ua ulikuwa mtupu.

Asubuhi magunia yalikuwa yamelala vile vile, hayajakunjika. Baba mdogo aliyainua moja moja. Chini yake, katika saruji iliyoanza kukauka, kulikuwa na alama za kwato. Zilianzia penye lile jiwe. Zote zilielekea nyumbani. Hapakuwa na hata moja iliyotoka.

Majaliwa alikuja kuziba kama walivyopatana. Alilaumu ng'ombe wa jirani. Baba mdogo akamwonyesha kufuli. Majaliwa akalishika, akalitikisa, akaziba. Siku ya tatu mama mdogo alihesabu nyayo za ng'ombe tisa juu ya viraka. Majaliwa akaziba tena. Wiki iliyofuata walikuwa kumi na wanne.

"Leo nalala macho," Majaliwa akasema. "Nimjue huyo mchawi anayeniharibia kazi."

Alikaa juu ya njia na mwiko wake kabla jua halijazama. Mama mdogo alimpelekea chai. Alipogeuka kurudi barazani, kwato zikaanza nyuma yake. Hakugeuka. Alitembea. Alihesabu hatua. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kwato zilipokoma walitoka, wakamkuta ameketi pale pale. Kikombe kimejaa, chai ya moto bado. Nywele zake, nyusi zake, masikio yake, vyote vilikuwa vyeupe kwa vumbi. Walimwita. Akakunja midomo, akapiga mluzi mrefu, ule wa kuita ng'ombe waingie zizini.

Ndugu zake walimchukua kumrudisha Kigoma. Wanasema hakutamka tena neno. Jioni hupiga mluzi.

Mvua zikaja. Njia haikuzama hata kidogo. Ilikuwa ngumu, ilikuwa safi, maji yaliteleza juu yake. Kila magharibi baba mdogo alipandisha sauti ya redio.

Uchungu ulimshika mama mdogo mwezi wa Januari, saa tisa mchana, mvua ikinyesha. Baba mdogo alimwingiza kwenye Landrova. Injini iliwaka mara ya kwanza. Walipita hatua kumi. Wakapita ishirini. Geti lilikuwa wazi mbele yao.

Penye jiwe gari likasimama.

Magurudumu yalikuwa kwenye saruji ngumu. Injini ilinguruma. Gari halikusogea. Likaanza kuyumba, taratibu, kama linaloegemewa huku na huku. Vioo vikaingia ukungu. Baba mdogo alipangusa kwa kiganja. Ukungu haukutoka.

Ulikuwa upande wa nje.

"Twende," mama mdogo alinong'ona. "Akida, twende."

"Haliendi."

"Mara ile ulisema hivyo hivyo."

Baba mdogo alilaza kichwa juu ya usukani akaanza kulia. Mama mdogo akafungua mlango.

Alishuka kwenye mvua, akishika tumbo. Hakuona kitu. Lakini mvua haikumfikia mwilini. Pande zote kulikuwa na joto, joto la ubavu kwa ubavu, na pumzi nzito zenye harufu ya majani. Alikumbuka salamu ya Kisukuma waliyomfundisha wateja wake sokoni. Akapiga magoti juu ya jiwe.

"Mwadila, baba," akasema.

Pumzi zikatulia.

"Nisamehe nakukanyaga. Mlango wako tutaurudisha. Nipishe leo tu. Huyu ninayembeba ni mjukuu wako."

Kisha karibu na sikio lake, mluzi mmoja, mfupi. Kitu chenye manyoya kilimsugua bega kikipita. Kingine. Kingine. Mvua ikamwangukia. Nyuma yake Landrova ikaruka mbele kama iliyokatwa kamba.

Mtoto alizaliwa hospitali kabla ya magharibi. Mvulana. Alilia, akaendelea kulia, na wazazi wake wakalia pamoja naye. Wakamwita Sabiti.

Ahadi ilitimizwa. Sabiti alipofikisha siku thelathini, baba mdogo alimtafuta Ngassa akamsihi. Walivunja saruji, wakaling'oa jiwe, wakalirudisha kwa trekta matongoni, Ngassa akiwa mbele na ng'ombe mweusi wa kuazima ampite mzee juu. Shimo walilijaza kokoto za kununua, wakamwaga saruji mpya, wakaifunika magunia. Jioni ile kwato zilisikika kwa mara ya mwisho.

Asubuhi Ngassa mwenyewe ndiye aliyeinua magunia. Alama zilikuwepo. Safari hii zote zilitoka. Mama mdogo alihesabu ng'ombe kumi na wanne, akamshukuru Mungu kwa sauti.

"Njoo hapa, mama," Ngassa akasema.

Nyuma ya kwato kulikuwa na unyayo wa mtu mzima, mtupu, na tundu la fimbo pembeni. Na kando ya unyayo ule, ukienda nao sambamba, kulikuwa na unyayo mdogo. Wa mtoto. Vidole vitano, kisigino, kila kitu. Mtoto wa miaka minne, labda mitano.

Sabiti alikuwa na siku thelathini na moja. Alikuwa mgongoni kwa mama yake, amelala.

"Siku ile penye jiwe ulimwambia mzee nini?" Ngassa aliuliza.

"Nilimwambia ni mjukuu wake. Nilikuwa namsihi tu, kama mtu anavyomsihi mzee."

Ngassa aliyarudisha magunia polepole. "Kwetu, mama, mjukuu ndiye anayechunga."

Nimefika Ngokolo mwezi huu, Mei 1982. Njia ile ni nzuri kuliko zote mtaani. Kila mwaka kabla ya mvua baba mdogo huweka fundi wa kuziba nyufa, na kila fundi huonywa asiguse kipande kimoja karibu na geti, kilichofunikwa jamvi. Nilimwuliza mama mdogo kwa nini wasikivunje.

"Nikikivunja," akasema, "nitajuaje muda umebaki kiasi gani?"

Aliinua jamvi, akamwita Sabiti. Mtoto alikuja mbio akitoka nyuma ya nyumba, mchangamfu, kijiti mkononi. Mama yake alimvua kiatu, akamshika kifundo, akauweka mguu wake ndani ya ule unyayo mdogo kama anayempima viatu vya Idi.

Uliingia. Mbele ya kidole gumba ilibaki nafasi ya unene wa ukucha.

Sabiti alitazama getini. Akakunja midomo, akapiga mluzi.