Uzi Unaotakiwa Kukatika

Nekoye hushona tenti. Kama umewahi kuhudhuria harusi au matanga huko Myanga, huenda ulikaa chini ya kazi ya mikono yake. Cherehani yake iko barazani, na anaipenda karibu kama anavyompenda mumewe, Wekoye. Wekoye mwenyewe husema hiyo "karibu" ni adabu tu.

Binti yao, Emmy, ni mpima ardhi mjini Kitale. Siku za kazi hupima mashamba. Siku za mapumziko hupanda ndege ndogo, kisha huruka kutoka angani kwa parachuti. Mama yake haupendi mchezo huo hata kidogo. Lakini Emmy ni mtu mzima, na Nekoye amechoka kubishana.

Alhamisi moja Emmy alifika nyumbani na mkoba mkubwa mgongoni.

"Mama, nisaidie na kazi ya cherehani," alisema.

"Ni suruali imeraruka?"

"Hapana. Ni parachuti."

Nekoye aliondoa mguu kwenye pedali. Emmy akamweleza. Mkoba wa mrukaji hubeba parachuti mbili. Ya kwanza ni kubwa, na ndiyo hutumika kila siku. Ya pili ni ya akiba. Ile kubwa ikifunguka vibaya, mrukaji huiachilia iende zake, kisha hufungua ya akiba. Siku hizi kuna mfumo mpya. Kamba huunganisha parachuti hizo mbili, na ile kubwa ikiondoka huivuta ya akiba itoke upesi. Mtu aliyekaribia ardhi anahitaji upesi huo.

"Na fundi wenu yuko wapi?" Nekoye aliuliza.

"Fundi Abdikarim anachelewesha, mama. Ati lazima kwanza aulize watengenezaji kama mkoba wangu unakubali hii mfumo. Na maonyesho yetu ya kuruka ni Jumamosi. Baba ameshaambia soko mzima."

Hilo lilikuwa kweli. Wekoye alikuwa amewaambia hata watu wasiomjua.

"Ukishona leo, kesho nitampelekea afunge tu ile ya akiba," Emmy aliendelea. "Nitamwambia kamba iliwekwa na fundi mwingine."

Nekoye hakuyapenda maneno hayo ya mwisho. Lakini mtoto akimwomba mama kazi ambayo mama anaijua, mama huona fahari. Fahari hiyo ilimziba masikio.

Alifungua pakiti ya vifaa vya mfumo huo, ambayo Emmy alikuja nayo. Ndani mlikuwa na kamba bapa, vipande vya kitambaa kigumu, na uzi mwekundu. Aliuvuta uzi huo kidogo tu, ukakatika.

"Hii uzi ni ya nini? Haiwezi shika hata kifungo ya shati."

"Si uweke yako, mama?"

Nekoye akachukua uzi wa nailoni, ule anaoshonea tenti. Alipitisha mishono mara mbili, kwa sababu hapo angening'inia mwanawe.

Asubuhi iliyofuata, Emmy akinywa chai, Nekoye alikuwa bado anautazama ule uzi mwekundu. Kitu kilimsumbua. Watu waliotengeneza mkoba huo hawakuwa wazembe. Mishono yao mingine yote ilikuwa imara kuliko yake. Mbona basi walete uzi dhaifu wa mahali pamoja tu? Fundi mzuri hafanyi hivyo bila sababu.

"Emmy, tunaenda Kitale sisi wote," alisema.

"Mama, ukimwambia fundi, atakataa nisiruke kesho."

"Basi akatae nikiwa hapo. Kuuliza si ujinga."

Wekoye alikuwa mlangoni, akisikiliza.

"Na watu nimeita waone palachuti?" aliuliza.

"Watakunywa chai warudi kwao," Nekoye alimjibu.

Abdikarim ana karakana yake Kibomet, mtaa wa Kitale. Ana leseni ya kutengeneza na kufunga parachuti, na kikundi cha Emmy humtegemea. Nekoye alimweleza yote, hata lile ambalo Emmy alitaka kulificha. Emmy alitazama chini. Abdikarim hakumgombeza. Aliugeuza mkoba mezani, akaipapasa mishono.

"Mama Emmy, hii kazi ni safi. Kama ingekuwa tenti, ningekununulia soda."

"Lakini si tenti."

"Si tenti. Hebu vuta hiyo kamba."

Nekoye alivuta. Akavuta tena kwa mwili mzima. Mishono haikusogea.

"Sasa sikiliza," Abdikarim alisema. "Parachuti kubwa ikitoka, halafu ikose kufunguka vizuri, Emmy anaiachilia. Inaondoka, inavuta ya akiba. Hapo kamba inasaidia. Lakini kuna siku ile kubwa haitoki kabisa. Imekwama mgongoni. Itavuta nini?"

"Haitavuta kitu."

"Ndiyo. Hapo ya akiba inatolewa na springi yake. Inataka kwenda juu peke yake. Na hii kamba itakuwa inafanya nini?"

Nekoye aliitazama kamba. Ncha moja iliungana na parachuti kubwa. Ncha nyingine iliungana na ya akiba. Mishono yake ilikuwa hapo kati.

"Itaishikilia," alisema polepole. "Itaifunga kwa ile imekwama."

"Ndiyo sababu uzi wa hapo ni dhaifu, mama. Ile kubwa ikivuta, mzigo unabebwa na kamba yenyewe, si uzi. Ya akiba ikitoka peke yake, uzi umewekwa ukatike. Ukikatika, kamba inaachia, na ya akiba inaenda zake."

Nekoye alikaa kwenye kiti. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hakuwa amezembea. Alishona kwa upendo wake wote, na kazi hiyo ingeweza kumuua mwanawe. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

"Ni mimi nilikuomba, mama," Emmy alisema. "Ni mimi nilitaka kudanganya. Nisamehe. Fundi, na wewe pia."

"Kila kitu hapa kina mahali pa kushika na mahali pa kuachia," Abdikarim alisema. "Anayejua ni aliyeutengeneza mkoba, na fundi aliyesomea. Hata mimi nina leseni, lakini watengenezaji wakisema mkoba huu haukubali mfumo mpya, siuweki. Afadhali mfumo wa zamani uliowekwa sawa kuliko mpya uliowekwa vibaya."

"Na kesho?" Emmy aliuliza.

"Kesho utatazama wenzako."

Jumamosi Emmy aliwatazama wenzake. Watu wa Myanga walimtania Wekoye kwamba binti yake ameogopa.

"Ndiyo, ameogopa," Wekoye aliwajibu. "Na mimi nimefurahi, bana."

Baadaye watengenezaji walijibu kwamba mkoba ule unakubali mfumo mpya. Lakini kamba aliyoishona Nekoye ilipaswa kutupwa, na nyingine mpya iagizwe. Ilipofika, Abdikarim aliiweka kama maelezo yalivyosema. Alimwita Nekoye ashuhudie jaribio. Kwanza walijaribu kana kwamba parachuti kubwa imeondoka. Kisha walijaribu kana kwamba imekwama. Mara zote mbili ya akiba ilitoka. Abdikarim akaifunga upya, akatia lakiri, akaandika tarehe.

"Watu husema akiba haiozi," alimwambia Emmy. "Hii huharibika isipokaguliwa. Muda wake ukifika uilete, hata kama hujaitumia. Na lakiri hiyo usiifungue mwenyewe."

Wakati wa kiangazi Emmy aliruka mbele ya wazazi wake. Nekoye alitaka kufumba macho, lakini hayakufumbika. Parachuti kubwa ilifunguka vizuri, na Emmy akatua nyasini, akawajia akicheka.

"Na ile ya akiba?" Wekoye aliuliza.

"Haikutoka, baba. Haikuhitajika leo."

Wekoye alitikisa kichwa.

"Safari zote hizo za Kibomet," alisema, "na palachuti yenyewe haijafanya kazi yoyote."

Nekoye alikuwa amemshika Emmy mabega kwa mikono miwili, bado hajamwachia.

"Wacha ikae hivyo hivyo," alisema. "Mimi nitakuwa naomba isifanye kazi mpaka huyu azeeke."