Farasi Mzururaji na Sarafu Yenye Mate

Katika historia yote ya uhalifu mjini Kilcorran, na pengine Ayalandi nzima, haujapata kutokea wizi wa kutisha kama ule uliogunduliwa Alhamisi asubuhi. Kilichoibwa ni farasi jike mmoja mwenye mabaka, chongo, na mimba.

Alikamatwa akizurura barabarani, akafungiwa katika zizi la halmashauri. Siku tano zilipita bila mwenyewe kujitokeza. Saa sita mchana wa siku hiyo gari la machinjioni lingemfuata.

Inspekta Dympna Halloran aliinama kukagua kufuli.

"Halina hata mkwaruzo. Ufunguo anao nani?"

"Mimi peke yangu," alijibu mlinzi wa zizi, mzee Colm Sheedy, akihamisha tumbaku toka shavu moja hadi jingine. "Ila nilikuwa nakunywa chai, afande."

"Chai gani hiyo ya saa nzima?"

"Ilikuwa ya moto sana."

Alama za kwato zilivuka uwanja hadi shule ya bweni ya wasichana. Ndani ya banda la vifaa vya michezo, jike alikuwa amelala juu ya magodoro ya mazoezi, akihema kwa uchungu. Kando yake alisimama mwanafunzi mmoja mwenye sura ya malaika.

"Umemwiba farasi?"

"Farasi gani?"

"Huyo unayemkanyaga mkia. Toa vilivyomo mfukoni."

Vikatoka ubani wa kutafuna, leso, na sarafu ya yuro moja iliyogandiwa na mate ya tumbaku.

Inspekta, binti wa mchuuzi wa farasi, aliikodolea macho. Mwizi hapewi sarafu ya namna hiyo. Muuzaji ndiye huitemea mate na kumrudishia mnunuzi, ili mnyama awe na bahati.

Colm alikiri hata kabla ya kukalishwa.

"Nilimuuza kwa kopo la biskuti. Serikali ilileta ruzuku ya farasi wanaozurura, halmashauri ikanunua gari la kuwabebea, ikamlipa mchinjaji. Pa kuzalia hawakujenga. Nilimgusa tumbo, afande, mtoto akanipiga teke. Ningemfunguliaje mchinjaji lango?"

"Ungeshikilia kwamba ameibwa. Sarafu ilikuwa ya nini?"

"Loo! Nimuuze farasi nisirudishe bahati? Si angekufa!"

Inspekta hakucheka. Ilikuwa saa tano na nusu. Alirudi bandani, akamkabidhi mwanafunzi kalamu na karatasi za maelezo.

"Farasi aliye na mwenyewe si mzururaji, gari haliruhusiwi kumgusa. Lakini mwenyewe atashtakiwa kwa ununuzi huu, na shule huenda ikamfukuza. Andika ukweli."

Mwanafunzi akaandika. Maelezo yenyewe ndiyo haya, na shangazi yangu, Inspekta mwenyewe, ameyasoma yote akiwa ameinama juu ya bega langu.

"Wewe Riona," anasema, "huyu 'mwenye sura ya malaika' ndiye nani? Gari liko getini."

Basi. Ni mimi, Riona Halloran, kidato cha tatu. Biskuti alizituma mama. Farasi ni wangu. Na mtoto wake, ambaye kwato zake mbili zimeanza kutokeza sasa hivi, ni wangu pia.