Neno "Sale" Katika Kitabu cha Mimea

Kila jioni, baada ya kutwanga majani ya muhogo ya kupika sombe, Honorine aliketi kizingitini pao, mtaa wa Songo mjini Uvira, na kufungua kitabu cha Kihispania kuhusu mimea. Jioni hiyo alikifunga kwa kishindo.

"Kitabu gani hiki kisicho na akili!"

"Kitabu ndicho hakina akili, ao ni weye umechoka?" aliuliza mama yake. "Uliza Mwalimu."

Honorine hakutaka. Kabla ya uasi, Sista Pilar wa zahanati alikuwa amemfundisha Kihispania. Vita vilipoingia mjini, Sista alikimbia na vitabu vya shule viliteketea. Sasa shule imefunguliwa tena, na kitabu pekee cha mimea kilichosalia ni hicho cha Sista. Honorine alikuwa amejigamba darasani kwamba anaweza kuwasomea wenzake chote. Mtihani wa kuingia sekondari ulikuwa Jumatatu. Angesemaje sasa kwamba haelewi?

Asubuhi Mwalimu Modeste alimwita mbele aeleze somo.

"Mizizi hunywa maji," Honorine alianza. "Kisha... maji huwa machafu katika majani."

"Yoo!" mwanafunzi mwenzake, Rénovat, aliruka. "Kumbe sombe tunayokula iko mufereji ya uchafu!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Ndivyo ilivyoandikwa kitabuni!" Honorine alifoka, machozi yakimlengalenga. "Kama weye unajua Kihispania, njoo usome!"

"Tulieni," alisema Mwalimu. "Honorine, wewe mwenyewe umeelewa?"

Honorine aliwatazama wenzake. Licha ya kicheko, walikuwa wakiandika maneno yake kwenye vibao vyao.

"Hapana, Mwalimu," alinong'ona. "Tangu juzi nahangaika tu."

"Andika sentensi hiyo ubaoni."

Akaandika: *El agua sale por las hojas.*

"Neno lipi linakusumbua?"

"Hakuna! *Agua* ni maji, *sale* ni chafu, *hojas* ni majani. Yote nayajua, lakini hayapatani!"

"Hilo *sale* ni chafu kwa lugha gani?"

"Kwa..." Honorine aligeuka kulitazama tena neno ubaoni. "Kwa Kifaransa."

"Na Sista alilitumiaje?"

Honorine alimkumbuka Sista alfajiri, akionyesha milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa: *"Ya sale el sol!"* Jua lachomoza. Jua nalo lingekuwaje chafu?

"Kutoka!" alipaza sauti. "Maji hutoka kupitia majani!"

Mwalimu aliwapeleka uani. Wakaingiza tawi la muhogo lenye majani, bila kulikata, katika chupa kavu, wakaifunga mdomo kwa kitambaa. Kufikia adhuhuri, matone safi ya maji yalikuwa yameshika ndani ya kioo.

"Basi leo nitakula sombe bila woga," alisema Rénovat, na safari hii Honorine alicheka pia.

"Watoto," alisema Mwalimu, "kukosea neno moja ni jambo dogo. Lakini kama Honorine angelificha, Jumatatu mngeanguka mtihani pamoja naye. Anayewasomea wenzake ni kama mwenye mtumbwi: akiona maji yanaingia, aseme mapema, maana hazami peke yake."