Sauti ya Kike Kwenye Simu

Kijana mrefu, shati la bluu limemkaa vizuri mabegani, alikuwa akigonga kiatu cha kike kwenye sakafu ya duka huku kafumba macho. Soko limefurika. Mwenye duka, binti wa gauni la njano na macho maangavu, alimtazama mpaka uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, unakinunua au unakisikiliza?"

"Nakisikiliza."

Akamweleza kuwa yeye ni fundi wa sauti za filamu. Maneno ya waigizaji hushughulikiwa peke yake, muziki peke yake, na sauti za vitu, kama nyayo, mlango au mvua, nyingi hutengenezwa studio baadaye. Huyo mrembo wa kwenye picha huenda kavaa raba. Kisigino anakigonga fundi. Binti alicheka, akamwazima jozi kadhaa kwa sharti azirudishe mwenyewe. Alizirudisha. Kisha akawa anakuja mikono mitupu, na haikuchukua muda wakaanza kuitana mpenzi.

Jioni moja binti akampigia. Simu ilipopokelewa tu, sauti laini ya kike ikapenya: "Usiondoke, mpenzi wangu. Njoo tulale."

Binti akakata. Kijana alipiga weee, hakupokelewa. Alipokwenda dukani, dada yake binti akasema mdogo wake hayupo, kumbe yupo nyuma ya rafu, analia kimyakimya.

Baada ya siku kadhaa za kukosa usingizi, binti alivaa gauni lake zuri kuliko yote, akapaka wanja, akaenda studio anakofanya kazi kijana, akamwone huyo mwanamke amemzidi nini.

Akamkuta. Alikuwa bibi mwenye mvi kichwa kizima, miwani puani, amesimama mbele ya maikrofoni akimwekea sauti mwigizaji kijana aliyeonekana kwenye skrini. "Usiondoke, mpenzi wangu," akasema bibi kwa utamu, kisha akakohoa na kuomba chai.

Binti alicheka hadi akakaa chini. Kijana akamfuata.

"Mbona hukuniambia?" binti akamuuliza.

"Ungepokea simu ningekuambia."

"Mchukue, mjukuu wangu," bibi akadakia. "Mimi simtaki."

Kijana hakucheka. "Nataka kukuoa," akasema.

Binti akamnyooshea kola ya shati polepole.

"Basi Jumapili njoo kwa mama. Ukae kulia kwake, sikio la kushoto halisikii. Na hilo neno uliseme kwa sauti, nataka alisikie lote."