Paroko Ameambiwa Asubiri

“Potamos!”

Hilary alikaza macho barabarani. Ukungu wa ukingo wa kreta ulikuwa umemeza hata pua ya gari.

“Hilary, nakuuliza. Hippos ni farasi. Potamos je?”

“Sijui.”

“Jana ulijua!”

“Jana sikuwa na njaa.”

Laurencia akavuta pumzi ile ya walimu inayotangulia fimbo. Alikuwa anafundisha Kiingereza sekondari pale Karatu, na Jumamosi hii, badala ya kupumzika kama binadamu wengine, alipanda gari la kazi la mchumba wake Hilary, anayepeleka mboga kambi ya watalii, ili amfundishe njiani. Mizizi ya Kigiriki! Alisema ukiishika mizizi, maneno ya Kiingereza yanakuja yenyewe. Sawa. Lakini jamani, kwenye utelezi ule?

“Potamos ni mto. Farasi wa mto, hippopotamus. Kuna ugumu gani hapo?”

“Kiboko namjua, Laurencia. Najua anapolala, najua anapokunya, najua siku akiamka vibaya. Huyu farasi wa Wagiriki atanisaidia nini?”

“Jumatatu Mama Martha atakuuliza kwa Kiingereza, siyo kwa mavi.”

Mama Martha ndiye mwenye kampuni ya utalii aliyoajiriwa Hilary. Jumatatu alikuwa anafanya usaili wa kumpandisha dereva mmoja awe mwongoza watalii. Ambaye angekosa angebaki kubeba kabichi.

“Ornis?”

“Laurencia…”

“Ornis!”

“Niache kidogo basi! Kesho ndoa yetu inatangazwa mbele ya parokia nzima, na hata gauni hujaniambia utavaa lipi. Ni ornis tu, ornis tu!”

Laurencia akaanza kuchezea mkanda wa gari.

“Nini?” Hilary akauliza.

“Kesho hatutangazwi.”

“Unasemaje?”

“Nimemwomba paroko asubiri. Mpaka tuone ya Jumatatu.”

Hilary akasimamisha gari njia panda ya Endulen, akamgeukia mwili mzima. Kwa kugeuka vile akakalia maiki ya redio ya mawasiliano iliyokuwa kitini, kitufe kikabonyea. Hawakuona. Kuanzia hapo madereva wote wa kampuni waliokuwa kreta, pamoja na ofisi ya Karatu, wakawa wanasikiliza.

“Yaani nimewekewa mtihani wa kuoa?”

“Nataka tuwe na maisha! Shangazi zangu wananiuliza, mwalimu mzima unaolewa na dereva wa kabichi?”

“Ornis ni ndege!” Hilary alifoka. “Logos ni neno! Mono ni moja, gamos ni ndoa! Kardia ni moyo, na wangu umeuchosha! Nayajua yote, nayasoma kila nikisubiri mboga zipakuliwe. Sikujibu kwa sababu ukiniuliza unanitazama kama mtoto wa kidato cha kwanza. Na phobos ni hofu. Hiyo unayo wewe. Unawaogopa shangazi zako kuliko unavyonipenda.”

Machozi yakamtoka Laurencia.

Simu ya Hilary ikaita. Alikuwa Sakaya, dereva mwenzake.

“Hilary, toka juu ya maiki! Kreta nzima tunakusikia! Simba tumewaacha, wageni wangu wanauliza nani amekufa!”

Hilary akajiinua kama aliyekalia siafu. Papo hapo redio ikaita kutoka Karatu.

“Hilary.”

“Naam, Mama Martha.”

“Kigiriki nimekisikia. Kiingereza bado. Jumatatu uje kama wenzako. Na hizo kabichi zifike.”

Hilary akawasha gari, akaanza kuligeuza.

“Nakurudisha geti la hifadhi. Utapata gari la kushuka Karatu.”

“Hilary, nisikilize…”

“Mwambie paroko asisubiri tena. Afute kabisa. Mimi nimechoka kusahihishwa.”

Laurencia hakubembeleza. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

“Tumsifu Yesu Kristo, Padri.”

“Milele na milele, amina.”

“Ni Laurencia. Ile ndoa yetu, naomba uisome kesho.”

“Si ulisema mpaka Jumatatu?”

“Nilisema upuuzi, Padri.”

“Na Hilary anasemaje?”

Hilary akakanyaga breki. Akamtazama Laurencia.

“Na nikifeli?”

“Utafeli ukiwa umeshatangazwa.”

“Nikibeba kabichi mpaka nizeeke?”

“Nitazipika. Na shangazi zangu watakula.”

Hilary alitaka kuendelea kununa, maana haki alikuwa nayo. Lakini alikuwa anampenda huyu mwanamke, afanyeje?

“Soma, Padri,” akasema.

Kesho yake, misa ya pili, padri alisoma jina la Hilary na jina la Laurencia, akainua macho.

“Anayejua kizuizi chochote cha ndoa hii, aseme.”

Kreta ina midomo, bwana. Kuanzia wanakwaya hadi madereva waliosimama nyuma na sare zao, kanisa zima likageuka kumtazama Laurencia.

Uso ulimwiva. Akasimama, shangazi zake wakimvuta gauni aketi.

“Kilikuwa kwangu, Padri,” akasema. “Nimekiondoa.”