Malimbikizo Aliyodhani Yanamngoja

Kila Ijumaa jioni Curtis na mkewe Renae walikula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa askari wa zamani. Sikio la kushoto la Curtis halikusikia tena. La kulia lilipiga mluzi usiku na mchana, tangu bomu lilipolipuka kando ya lori lake huko Iraki. Watu wakicheka, naye alicheka. Mara nyingi hakujua wanacheka nini.

Miaka kumi na tano baada ya kutoka jeshini, kiwanda cha jibini alikofanya kazi kilimwachisha. King'ora kililia nyuma yake asisikie, nusura agongwe na gari la mizigo. Renae akawa anasafisha shule asubuhi na kupika katika nyumba ya wazee jioni. Ijumaa tu alipumzika.

"Kaombe malipo ya ulemavu, Curtis," alimwambia kila mara. "Ni haki yako."

"Pesa zile haziozi, mke wangu. Siku nikiomba watanilipa zote, tangu nilipoumia. Ziache zirundikane."

Sababu hasa ilikuwa nyingine. Curtis aliona haya. Pale ukumbini alikuwapo Mzee Orville, aliyeacha mguu Vietnam. Mtu mwenye miguu miwili ataombaje ulemavu mbele yake?

Ijumaa moja Renae alisinzia mezani, uma mkononi. Orville akaona. Yeye alisomea kazi ya kuwasaidia askari kuomba malipo yao, na serikali ilimtambua. Akamvuta Curtis kando.

"Umeomba lini?"

"Bado. Mzee, wewe uliacha mguu. Mimi ni masikio tu."

"Kwani ukinyamaza mguu wangu utaota? Fungu lako halitoki kwenye langu. Mficha uchi hazai, kijana."

Curtis akajaribu kucheka. "Si kitu. Malimbikizo si yananingoja?"

"Nani kakudanganya?" Orville alishangaa. "Malimbikizo ni pesa za tangu tarehe ya ombi hadi siku watakapoamua. Ungeomba ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka jeshini, wangehesabu tangu ulipotoka. Sasa, kwa kawaida, wanahesabu tangu walipopokea ombi."

"Na hii miaka kumi na tano?"

"Imekwenda, baba."

Uso wa Curtis uliwaka. Alimtazama Renae aliyelala mezani, akatamani ardhi immeze.

"Nifanye nini?"

"Mwambie mkeo. Halafu ipigie simu ofisi ya malipo ya askari, useme unakusudia kuomba. Watakushikia tarehe hiyo kwa mwaka mzima, huku tukikusanya vyeti vya daktari. Mimi sichukui hata senti. Mtu akitaka asilimia ya malimbikizo ili akujazie ombi, mkimbie."

Walipofika nyumbani, Curtis alisema kabla hawajashuka garini. "Hakuna rundo la pesa, Renae. Nilisema nisichokijua. Niliona haya kuomba, basi."

Renae alimgeukia. Kisha akasema, "Yaani nimesugua vyoo vya shule kwa sababu uliona haya?"

Curtis alilia.

"Jumatatu utapiga," Renae alisema. "Mbele yangu."

Jumatatu alipiga. Renae alirudia kila swali kwa sauti kubwa ili asikie. Kwa mara ya kwanza Curtis alimwambia mtu asiyemjua, "Sisikii." Baadaye Orville akamsaidia kujaza ombi na kulipeleka kabla mwaka haujaisha.

Uamuzi ulitoka miezi minane baada ya ile simu. Curtis akaanza kulipwa kila mwezi, na malimbikizo yakaingia kwa mkupuo, bila kukatwa kodi. Yalikuwa ya miezi minane, si ya miaka kumi na tano. Hata hivyo Renae aliacha kazi ya jioni.

Ijumaa iliyofuata binti mmoja, aliyetoka jeshini majira ya joto yaliyopita, alikaa mezani kwao akiusugua mgongo wake. Orville alimuuliza kama ameomba.

"Aa, mgongo tu," alijibu. "Wenzangu wameumia zaidi."

Curtis akasimama.

"Nami nilisema hivyohivyo," alisema, ukumbi mzima ukisikia. "Aibu yangu ilimkosesha mke wangu malipo ya miaka kumi na tano. Huyu hapa, muulizeni."

Renae aliinamisha kichwa, lakini hakumkatiza.

"Wewe bado hujamaliza mwaka, binti. Ukiomba sasa, watahesabu tangu ulipotoka."

Binti alimtazama Renae, kisha akaweka uma chini. "Mzee Orville," alisema, "tuanze leo."